Kumrudisha Aliyesugua Benchi: Timu Inadaiwa Nini?



Dirisha la usajili likifunguliwa, Morogoro nzima inakuwa na makocha. Kuanzia Msamvu stendi mpaka Soko la Chifu Kingalu, kila kijiwe kina kikosi chake. Mmoja anasema, "Fulani arudishwe, tulimkosea." Mwingine anaruka, "Arudi wapi? Si aliondoka kwa kiburi mwenyewe!" Na wa tatu, anayeuza maji pembeni, anatoa hukumu ya mwisho: "Akili ya mpira haina huruma, bwana. Anacheza au hachezi?"

Tunacheka, lakini hapo kuna swali zito. Mchezaji alikuwa mzuri. Kocha akamuweka benchi, na watu wakagawanyika: wengine wakasema kaonewa, wengine wakasema kajitakia. Akaondoka. Sasa timu imekwama na inataka kumrudisha. Je, timu inadaiwa kumrudisha? Na yeye akiitwa, aende? Na yule aliyeshika nafasi yake siku zote hizo tumuweke wapi?

Swali hili lipo kwenye Ligi Kuu, na lipo pia kwenye timu ya kigango chako, kwenye kwaya na kwenye uongozi wa VIWAWA. Ndiyo maana nimeona tulitafakari pamoja, polepole.

Kipa aliyeitwa tena

Kwa watu wa Morogoro, Juma Kaseja si jina geni. Kabla ya kwenda Simba alidakia Moro United. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mdogo sana, ndiye aliyekuwa langoni Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti, tena kwao Cairo.

Mwaka 2006 Taifa Stars ikapata kocha Mbrazili, Marcio Maximo. Tumtendee haki: alirudisha watu uwanjani, na mwaka 2009 Stars ikacheza fainali za CHAN kule Ivory Coast, mashindano makubwa ya kwanza ya Afrika kwa nchi yetu tangu 1980. Lakini Kaseja hakuwemo. Kwa muda mrefu wa kipindi cha Maximo kipa huyu hakuitwa, ingawa klabuni alikuwa anadaka kila wiki. Mashabiki walilalamika, magazeti yakaandika, vijiwe vikawaka moto. Kocha hakubadilika.

Mwaka 2010 Maximo akaondoka, akaja Jan Poulsen kutoka Denmark. Kaseja akarudi, na Desemba ya mwaka huo huo Kilimanjaro Stars ikabeba Kombe la Chalenji pale Dar es Salaam, naye akiwa langoni.

Klabuni nako mambo yalikuwa ya kwenda na kurudi. Mwaka 2008 alihamia Yanga, na mwaka uliofuata Simba wakamrudisha. Hebu fikiria: umevaa jezi ya watani wa jadi, halafu unarudi kwenye jukwaa lile lile lililokuita msaliti. Msimu wa 2009/10 Simba ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja. Mei 2012 ikaifunga Yanga 5-0, na moja ya mabao hayo alilifunga kipa Kaseja kwa penalti. Lakini mwaka 2013 Simba haikumwongezea mkataba. Akaenda Yanga tena, na Desemba, kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe ambayo Simba ilishinda 3-1, lawama zikamwangukia yeye. Baadaye akazunguka: Mbeya City, Kagera Sugar, KMC. Wengi wakasema basi, amekwisha.

Mwaka 2019 Etienne Ndayiragije, kocha aliyekuwa amemfundisha KMC, akapewa Taifa Stars. Akamwita Kaseja, mwenye miaka 34. Agosti 4, pale Kasarani, Stars ikaitoa Kenya kwa penalti 4-1 kwenye kufuzu CHAN. Septemba 8, Dar es Salaam, ikaitoa Burundi kwa penalti 3-0 kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Burundi walikosa zote tatu walizopiga. Langoni alikuwa ni yule yule aliyeambiwa amekwisha.

Hadithi hii ni tamu, ila tusikimbilie kusema, "Mnaona? Siku zote ilikuwa dhuluma." Ushindi wa 2019 hauthibitishi kwamba uamuzi wa 2009 ulikuwa dhambi. Mtu anaweza kuachwa kwa haki leo na kuitwa kwa haki kesho. Tukitaka kujua timu inadaiwa nini, lazima kwanza tujue aliwekwa benchi kwa sababu gani.

Benchi za aina tatu

Benchi ya kwanza ni ya uamuzi. Langoni anasimama mtu mmoja. Kocha ana makipa watatu, lazima wawili wakae. Anaweza kukosea, maana hata fundi hodari anakosea kukata mbao, lakini kukosea hesabu si kumdhulumu mtu. Hapa timu haidaiwi msamaha. Inadaiwa maelezo tu, mtu aambiwe kwa heshima kwa nini hachezi.

Benchi ya pili ni ya nidhamu. Mchezaji anachelewa mazoezini, anamjibu kocha hovyo, anagombana na wenzake. Hapa anayedaiwa kwanza ni mchezaji. Akirudi bila neno lolote, kana kwamba hakuna kilichotokea, anawafundisha wadogo zake kwamba kipaji kinafuta makosa. Timu ya vijana ikishafundishwa hivyo, kuirekebisha ni kazi.

Benchi ya tatu ni ya chuki au upendeleo. Kocha hampendi tu. Au nafasi imepewa mtoto wa mfadhili, mpwa wa katibu, kijana wa mtaa wa mwenyekiti. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliweka upendeleo wa namna hii kati ya dhambi dhidi ya haki, na kipimo chake kinaeleweka hata kijiweni. Unapogawa kitu, angalia sababu inayohusu kitu chenyewe. Ukimpa mtu ualimu kwa sababu anajua, umetenda haki. Ukimpa kwa sababu ni ndugu yako au ana pesa, umemwangalia mtu badala ya sababu, na hapo umepotoka. Kwa lugha yetu: jezi namba moja apewe anayedaka. Hapa timu inadaiwa kweli, na deni lenyewe ni zaidi ya mkataba mpya.

Shida ni kwamba kila aliyewekwa benchi anaamini yake ni ya tatu, na kila kocha anaamini yake ni ya kwanza. Ndiyo maana anahitajika mtu wa katikati. Huku kwetu, kuanzia Matombo mpaka Mgeta, wazee walikuwa na dawa ya mambo haya, nayo ni utani. Mtani anaweza kumwambia mzee mzima ukweli mchungu hadharani, watu wakacheka, na ukweli ukaingia bila ugomvi. Kila timu inahitaji mtani wake, mtu asiyemwogopa kocha na asiyemtukuza mchezaji. Akikosekana, ukweli unabaki kunong'onwa vyooni na kwenye magrupu ya WhatsApp.

Marko aliyeachwa

Ukidhani mambo haya hayamo kwenye Biblia, fungua Matendo ya Mitume, sura ya 15. Paulo na Barnaba wanapanga safari ya pili ya kimisionari. Barnaba anataka wamchukue Yohane Marko. Paulo anagoma. Sababu? Safari ya kwanza Marko aliwaacha njiani, kule Pamfilia, akarudi zake Yerusalemu. Luka haandiki kwa nini. Labda ugonjwa, labda woga, labda kumkumbuka mama. Paulo anaangalia kazi: safari ni ngumu, na huyu alishatukimbia. Barnaba anaangalia mtu: ni kijana, apewe nafasi nyingine.

Ugomvi ukawa mkali mpaka wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro. Paulo akamchukua Sila, wakashika njia nyingine.

Nani alikuwa sahihi? Maandiko hayatoi hukumu. Tena kuna jambo linaloongeza utamu wa kesi: katika barua kwa Wakolosai tunaambiwa Marko alikuwa binamu yake Barnaba. Kumbe! Kijiwe kingesema mara moja: upendeleo huo, anambeba ndugu yake. Na hata hivyo Barnaba ndiye aliyeona kitu ambacho Paulo hakukiona wakati ule. Hapo tujifunze kuwa wapole kidogo na hukumu zetu. Mara nyingine anayemtetea ndugu yake anamtetea kwa sababu anamjua.

Miaka ikapita. Paulo yuko kifungoni, karibu na mwisho wa maisha yake. Wengine wamemwacha, amebaki na Luka tu. Anamwandikia Timotheo na kumwomba aje pamoja na Marko, kwa sababu anamfaa kwa huduma. Yule aliyekataliwa kwa sababu ya kazi anaitwa tena kwa sababu ya kazi. Paulo hamwiti kwa huruma, kana kwamba anamtupia mtu ukoko wa wali. Anasema anamfaa. Kwa kijana aliyewahi kuachwa, neno hilo ni zuri kuliko pole mia moja.

Halafu angalia Wakolosai tena. Paulo anaiandikia jumuiya nzima kwamba Marko akifika kwao wampokee. Ameliandika jina lake vizuri, mbele ya watu wote, kwenye barua ya kusomwa kanisani. Na hapa naona kanuni ambayo timu nyingi hazijui: jina lililoharibiwa hadharani halirekebishwi chumbani. Kama uongozi ulimsema kijana mbele ya mashabiki, kumwita ofisini na kumpa mkataba kimyakimya hakutoshi. Deni la heshima hulipwa pale pale lilipokopwa.

Kijana aliyeachwa Pamfilia ndiye ambaye mapokeo ya Kanisa yanamtambua kuwa mwandishi wa Injili ya Marko. Aprili 25 tunamwadhimisha. Barnaba na Paulo nao ni watakatifu. Watakatifu wanaweza kutofautiana kuhusu kikosi, jamani!

"Mmenikumbuka kwa sababu mmekwama"

Sasa tugeukie upande wa anayeitwa. Mara nyingi kinachouma zaidi ya benchi yenyewe ni wakati wa kuitwa. Hawakukuita walipokuwa wanashinda. Wamekuita kipa wao ameumia, timu inashuka, mashabiki wanazomea. Moyo unasema: hawanipendi hawa, wanataka mikono yangu tu.

Maneno kama hayo alikuwa nayo Yeftha, katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 11. Ndugu zake walimfukuza nyumbani kwa sababu ya mama yake. Vita ilipokuja, wazee wa Gileadi wakamfuata wakimwomba awe kiongozi wao. Yeftha akawauliza waziwazi: si ninyi mlionichukia na kunifukuza? Mbona mnanijia sasa mkiwa katika shida? Swali la haki kabisa! Wala Mungu hakumkemea kwa kuliuliza. Kijana, kuuliza hivyo si kiburi. Ukarimu wa Kikristo hautuambii tujifanye hatukuumia. Yeftha akaweka masharti yake, wakakubaliana mbele ya Bwana kule Mispa, akaenda vitani.

Lakini hadithi ya Yeftha inaisha vibaya. Kabla ya vita aliweka nadhiri ya haraka, nadhiri ya mtu anayetaka ushindi kwa gharama yoyote, na gharama yenyewe ikawa binti yake wa pekee. Mimi nikiisoma naona hatari ya kila anayerudi akiwa na kidonda: anataka kuthibitisha. Kila mpira anataka auguse yeye. Akifunga bao anawageukia waliomsema na kuweka kidole mdomoni. Anacheza na adui aliyeko jukwaani kwake badala ya aliyeko mbele yake. Mtu wa namna hiyo hata akishinda anaacha majeruhi nyumbani.

Kwa hiyo, je, aende? Nasema anaweza kwenda, hata kama ameitwa wakati wa shida. Paulo naye alimwita Marko wakati amepungukiwa watu. Kuhitajika si tusi, maana wote tunaitana kwa sababu tunahitajiana. Ila kabla ya kuvaa jezi ajiulize: nikikaa benchi tena kwa sababu ya haki, nitavumilia? Kama jibu ni hapana, basi bado hajarudi kuichezea timu. Amerudi kudai deni.

Na anaweza pia kukataa. Msamaha haumlazimishi mtu kusaini. Kuna aliyesamehe kabisa lakini maisha yameshasonga: ana shule, ana familia, ana timu nyingine iliyompokea alipokuwa hana pa kwenda. Kuwa mwaminifu kwa waliokupokea nako ni fadhila.

Yule wa katikati

Tumemsema kocha, tumemsema aliyeachwa. Yuko mtu wa tatu ambaye vijiwe humsahau. Ni yule aliyedaka mechi zote ngumu wakati nyota hayupo. Alifungwa, akazomewa, akaamka alfajiri kufanya mazoezi huku ukungu wa Uluguru haujaondoka, na sasa anasikia "mwenyewe anarudi".

Katika mfano wa mwana mpotevu tunamcheka sana kaka mkubwa, lakini tukumbuke baba alitoka nje kumfuata na huyo pia. Hakumwacha na uchungu wake nje. Timu inayomrudisha mtu inadaiwa hatua hiyo hiyo: kocha atoke nje, amfuate aliyebaki, amweleze. Kama atashindanishwa, ashindanishwe kweli, pasiwe na jezi iliyogawiwa kabla ya mazoezi. Kuponya dhuluma ya mtu mmoja kwa kumdhulumu mwingine ni kuhamisha kidonda tu.

Hapa pia Maandiko yana kitu kizuri. Sila ndiye aliyechukua nafasi ya Marko kwenye safari ya Paulo. Sasa soma mwisho wa barua ya kwanza ya Petro: Silwano, yaani Sila, anatajwa kama ndugu mwaminifu aliyesaidia kuandika, na mstari unaofuata unataja salamu za Marko. Aliyeachwa na aliyechukua nafasi yake wako kwenye ukurasa mmoja, kazi moja. Hilo ndilo lengo. Kurudi kwa Marko hakukuhitaji kutupwa kwa Sila.

Basi tuseme nini?

Nalifupisha hivi: kusamehe ni wajibu, kusajili ni uamuzi, na ukweli ni deni kwa kila mtu.

Kusamehe ni wajibu, maana tunaomba hivyo kila siku katika sala ile aliyotufundisha Bwana. Timu imsamehe mchezaji, mchezaji aisamehe timu, hata kama hawatasaini chochote.

Kusajili ni uamuzi. Hakuna mtu mwenye hati miliki ya namba. Kipimo kiwe kazi: anafaa, anajituma, anajenga umoja? Lakini tahadhari, kijana mwenzangu. Sentensi hii, "nimekusamehe ila nafasi hakuna," inaweza kuwa kweli, na inaweza kuwa chuki iliyovaa kanzu ya misa. Njia ya kujipima ni moja. Jiulize kama mchezaji mwingine mwenye uwezo ule ule na makosa yale yale ungempa nafasi. Kama ungempa, basi kinachomzuia huyu ni jina lake, na hapo umerudi kwenye upendeleo ule aliousema Mtakatifu Thomas.

Ukweli ni deni kwa kila mtu. Aliyekosea aseme nilikosea. Katika Sakramenti ya Kitubio tunafundishwa kutubu moyoni, kuungama kwa mdomo na kufanya malipizi. Uwanjani si kiti cha maungamo, lakini mpangilio ule unasaidia: jutia, tamka, rekebisha. Timu inayoruka moja kwa moja hadi kwenye picha ya pamoja na kalamu mkononi imeruka yote matatu.

Mashabiki wa Mtibwa Sugar wanajua kitu kuhusu kushuka na kupanda. Bingwa wa 1999 na 2000 alishuka daraja mwaka 2024, na mwaka 2025 akapanda tena. Timu nzima ilikaa benchi msimu mzima. Waliobaki wakaenda uwanjani kuitazama ikicheza daraja la chini ndio wanaoujua utamu wa kurudi.

Pengine wewe unayesoma uko benchi leo. Hukuchaguliwa kwenye uongozi, umeondolewa kwenye kwaya, hujapata kazi uliyoiombea. Fanya mazoezi. Kaseja hakuitwa mwaka 2019 kwa sababu watu walimwonea huruma. Aliitwa kwa sababu kocha alimkuta KMC bado anadaka. Na pengine wewe ndiye kocha, ndiye mwenyekiti, na kuna jina moja unaliruka kila ukipanga kikosi. Leo jioni liandike kwenye karatasi, uliangalie, na umuulize Bwana: hili naliruka kwa sababu gani?

Kwa tafakari katika jumuiya

1. Je, kuna mtu katika kundi letu tuliyemharibia jina hadharani? Tutalirekebisha wapi?
2. Mimi nikiwekwa pembeni, huwa natafuta kwanza kosa langu au la mwenzangu?
3. Nani kati yetu ni Sila, aliyefanya kazi kimya, na hatujawahi kumshukuru?

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyemwita Petro tena baada ya kukukana mara tatu, wafundishe viongozi wetu haki isiyoangalia sura. Wape walioachwa moyo usiooza kwa uchungu, na wape waliobaki moyo usioogopa anayerudi. Tufanye timu moja, kwa kuwa jezi yetu sote ni ile ya Ubatizo. Amina.

Mtakatifu Marko, utuombee. Mtakatifu Barnaba, utuombee.